Kengele ya Ng'ombe Aliyezikwa

Wakubwa wa makao makuu ya sinema walikuwa wamekwisha kuamua kwamba sisi watu wa Singida hatuna macho. Ya kutazama ng'ombe tulikuwa nayo. Mchungaji wa kwetu alimtambua ndama wake kwa mgongo tu, katikati ya kundi la watu wengine, kwenye vumbi. Macho ya kutazama picha ndiyo tuliyonyimwa. Mwonyeshe mwenyeji uso peke yake, walisema, naye atauliza kiwiliwili kimekwenda wapi. Mwonyeshe nzi aliyekuzwa akajaa shuka nzima ya kuonyeshea picha, naye atamshukuru Mungu kwamba nzi wa kwao ni wadogo. Kwa sababu hiyo picha tulizoletewa zilipigwa kwa mbali na kwa polepole. Mtu akitoka nyumbani kwenda kisimani, tulimsindikiza hatua zote hadi kisimani, akateka maji, tukamrudisha. Watu walisinzia, na wakubwa wakaandika kwamba wenyeji walitazama kwa utulivu mkubwa.

Utulivu huo niliusimamia mimi. Zama hizo za Mwingereza, miaka ile baada ya vita kuu ya pili, nilifanya kazi kwenye gari la sinema la serikali. Lilikuwa lori lenye jenereta, mashine ya kuonyeshea picha, shuka nyeupe ya kutundika kati ya nguzo mbili, na mimi. Picha zilikuja zikiwa bubu au zikiwa na Kiingereza chake. Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya shuka na kipaza sauti, nikiwaambia watu kwa Kiswahili, na wazee kwa Kinyaturu, kile ambacho walikuwa wanakiona kwa macho yao wenyewe. "Sasa anateka maji." Kwa elimu hiyo nilipewa kaptula ya kaki, na nikaipiga pasi kila siku kana kwamba Mfalme mwenyewe angepita kuikagua.

Picha ambayo wakubwa waliipenda kuliko zote ilihusu kimeta. Ng'ombe akifa kwa kimeta, nilitangaza, usimchune, usimle, mzike na ngozi yake kwenye shimo refu. Nilitangaza Ilongero, nikatangaza Misigiri, nikatangaza Ulemo. Watu waliitikia "ndiyo", wakarudi nyumbani, wakachuna. Niliamini kwamba katika mkoa mzima hakuna hata mtu mmoja aliyenisikiliza. Kumbe alikuwepo mmoja, naye alikuwa baba yangu mdogo.

Baba yangu mzazi alikuwa amefariki, na mama alibaki peke yake karibu na Ilongero, na shamba lake la uwele na ng'ombe mmoja jike. Mimi nilikuwa juu ya lori. Kwetu, asiye na mtu wa kuchunga humkabidhi ng'ombe wake ndugu au rafiki. Maziwa ni ya anayechunga, ndama ni wa mwenye mali, na ng'ombe akifa, mchungaji huleta ngozi. Bila ngozi hakuna kifo, kuna maneno tu. Basi mama akamkabidhi ng'ombe yule baba mdogo, kwa makubaliano kwamba atamletea samadi ya shamba, maana ardhi ya kwetu isipotiwa samadi huotesha mawe.

Kabla ya kumtoa alifanya jambo moja. Alivunja bangili yake ya shaba, ile aliyoivaa tangu aolewe, kwa kuwa mjane hakutakiwa kuonekana na pambo. Nusu aliifunga ndani ya kengele ya ng'ombe iwe ulimi wake, na nusu akaihifadhi kwenye pindo la kanga. "Kengele hii aliinunua baba yako," aliniambia. "Ikilia, nitajua nyumba yetu bado ipo."

Masika yaliyofuata, kabla hata ya palizi, baba mdogo alikuja mikono mitupu na uso wa msiba.

"Shemeji, ng'ombe amekufa. Kimeta."

"Ngozi iko wapi?"

"Ngozi? Mwanao mwenyewe ametangaza kwa kipaza sauti, shemeji! Tumemzika mzima mzima, na kengele yake shingoni. Mimi ni mtu wa kutii serikali."

Mtu huyu wa kutii serikali alikuwa na desturi ya kukimbilia porini kila karani wa kodi alipoonekana. Lakini mama angebishaje? Maneno yalikuwa yangu. Nilipoelezwa habari hiyo nilihisi aibu, na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda.

Hesabu ya baba mdogo ilikuwa rahisi. Mjane asiye na ng'ombe hana samadi, asiye na samadi hana nafaka, na asiye na nafaka atapata wapi ujeuri? Tangu tulipomaliza matanga alikuwa ametaka kumrithi mama, awe mke wake wa tatu, na mama alikuwa amemkatalia mbele ya watu. Sasa alianza kupita kwake na kibaba cha uwele, akikohoa mlangoni kwa huruma. Nilimtumia mama nilichoweza, lakini wazee wa ukoo walisema kwamba mtoto anayeishi juu ya lori si nyumba. Wakakubaliana: shamba lake likishindwa tena, ahamie kwa shemeji yake. "Nitakufa na njaa yangu kwanza," mama alisema, na mimi niliyemjua niliogopa, kwa sababu hakuwa na tabia ya kutania.

Wakati huohuo tukaletewa Bwana wa Picha mpya, yaani mpigaji wa filamu zenyewe. Alikuwa Mwingereza kijana, mwembamba, ambaye jua la Singida lilimwivisha kwa siku mbili za kwanza na halikumwacha tena. Huko kwao alikuwa amefanya kazi chini ya fundi mkubwa wa picha za kutia hofu, mtu ambaye Ulaya nzima ilipanga foleni ikalipa kiingilio ili aitetemeshe. Kazi yake hasa ilikuwa kumpelekea fundi chai. Lakini mtu akipeleka chai huku macho yake yakiwa wazi hujifunza mengi, na jina la fundi huyo hakulitaja ila kwa kushusha sauti, kama mtu aliye kanisani. Mimi nitaliacha kabisa.

Tulipokuwa njiani alinifundisha, nikitaka nisitake. Zamani, alisema, picha zilipigwa kana kwamba jicho limekaa kwenye kiti linatazama mchezo. Fundi wake alilinyanyua jicho kutoka kwenye kiti akalipeleka linakotakiwa: kwenye tundu la ufunguo, juu ya ngazi, ndani ya kiganja kinachotetemeka. Kitu kidogo kikisogezwa karibu mpaka kikajaa shuka, husema kuliko hotuba. Halafu alinieleza kuhusu hofu.

"Mtu amekaa kigodani, anazungumza habari za mvua," alisema. "Nyoka akitokea ghafla, watu watashtuka mara moja, basi, imekwisha. Lakini waonyeshe kwanza nyoka chini ya kigoda. Kisha mwache yule mtu aendelee kuzungumza habari za mvua."

Nilikaa nikawaza juu ya huyo mtu na mvua yake mpaka tukapita kijiji tulichotakiwa kusimama.

Somo la mwisho lilikuwa la nyuso. Onyesha uso wa mtu, onyesha anachokiona, rudi kwenye uso. Usiseme kwamba anaogopa, kwa sababu mtazamaji ataona mwenyewe. Kwa maneno mengine, hakuna haja ya mtu kusimama kando ya shuka na kusema "sasa anaogopa". Hapo nilielewa kwamba fundi huyo, ambaye hakuwahi kunisikia wala kuniona, alikuwa adui wa kazi yangu.

Makao makuu yalitaka picha ya kukataza wizi wa ng'ombe: wizi kwa mbali, kukamatwa kwa mbali, na mwisho bendera. Bwana wa Picha alitunga yake. Mwizi anamswaga ng'ombe katikati ya mabua ya mtama, anamficha katika chumba cha ndani cha tembe na kuiziba kengele kwa nyasi. Mara mwenye ng'ombe anapita. Mwizi hana budi kumkaribisha, maana ni jirani, na jirani hapiti bila kupewa kata ya pombe. Mgeni anakunywa. Nyuma ya ukuta ng'ombe anatikisa shingo, na nyasi zinaanza kudondoka, unyasi mmoja mmoja. Picha yote ni hiyo. Nilipoisikia nilimwambia kwamba mambo kama haya yanatokea kila mwezi na hayahitaji kutungwa.

Tuliipiga Misigiri, upande wa Wanyiramba, mara baada ya mavuno. Mtu mmoja wa pale alituletea ng'ombe mwenye kengele, akasema ni wa rafiki yake, yeye anachunga tu. Sikumwuliza rafiki ni nani. Kwetu kumwuliza mtu ng'ombe huyu ni wa nani ni kumvua nguo hadharani. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mwekundu, ana mimba, anafanana na ng'ombe wengine wote wa Misigiri. Wa mama nilimwona mara ya mwisho akiwa mtamba, hajazaa bado. Nimekwisha kusema kwamba wachungaji wa kwetu hutambua ndama kwa mgongo. Mimi nilikuwa mtu wa kaptula.

Bwana wa Picha alitoboa paa la tembe ili jua liingie, mwenye nyumba akalia kama amefiwa. Kisha alitufukuza wote, akaiziba kengele kwa mikono yake, akalala chali kwenye mavi ya ng'ombe na mashine yake ya kupigia picha kifuani. Tulimsikia huko ndani akimbembeleza ng'ombe kwa Kiingereza. Alipotoka alinuka vibaya sana na alikuwa na furaha kama bwana harusi.

Filamu ilipelekwa Ulaya kusafishwa, ikarudi wakati uwele wa mwaka uliofuata umekwisha kukauka mashambani. Ilifuatana na amri. Makao makuu yaliiona na kufadhaika: ile kengele iliyojaa shuka ikatwe, kwa sababu wenyeji watadhani kuna kengele kubwa kuliko ng'ombe. Bwana wa Picha alisoma amri akaikunja. "Nitaikata," alisema. "Baada ya Ilongero."

Ilongero ilikuwa siku mbaya kwetu. Uwele wa mama ulikuwa umetoka masuke membamba kama mkia wa panya, na wazee wa ukoo walikuwa wameitana wakutane kesho yake asubuhi wamalize jambo. Kwa kuwa walikuwa na akili walikuja mapema, wapate na sinema. Walikaa mbele kwenye vigoda, baba mdogo katikati yao, amejitanda koti mabegani. Wanawake walikaa nyuma, chini. Nilikwenda kumwamkia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba. Umekula?" Basi.

Giza lilipoingia tulianza na habari za dunia. Mfalme wa Uingereza alikuwa anakagua askari, nikatangaza kama ilivyonipasa: "Huyu ni Mfalme, ambaye sasa ni marehemu." Mzee mmoja akasema marehemu anatembea vizuri. Kisha ikaanza picha ya Misigiri, nayo ilikuwa bubu. Bwana wa Picha alikuwa amenipa kengele ya mkononi niitikise nitakapoona nyasi zote zimedondoka.

Msomaji aelewe nilikosimama. Watu wote waliitazama shuka. Mimi peke yangu, kando yake, niliwatazama watu, na mwanga wa shuka ulikuwa unawamulika usoni.

Mwizi akaswaga, akaficha, akaziba. Mgeni akaingia, akapewa pombe, akakaa. Halafu kengele ikajaa shuka nzima, kubwa kama mlango wa zizi. Hakuna aliyeuliza ng'ombe amekwenda wapi. Hakuna aliyedhani kwamba kuna kengele kubwa kuliko ng'ombe. Wote, hata watoto, walitazama nyasi zikidondoka, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akamfokea mgeni pale kwenye picha: "Acha pombe, mjinga wewe, yuko nyuma yako!"

Unyasi wa mwisho ukadondoka, na ndani ya kengele nikaona nusu ya bangili ya shaba.

Nilitakiwa kusema kitu. Nikashusha kipaza sauti. Nikamtazama baba mdogo. Uso wake. Nikatazama kengele. Nikarudi kwenye uso wake, na hapo nikaliamini lile somo la mwisho kuliko Zaburi. Ule uso haukuhitaji mtu wa kuueleza kwa kipaza sauti. Na nyuma yake, kati ya wanawake, mama alikuwa amesimama.

Hakupiga kelele. Alikuja polepole, akipita katikati ya watu, anafungua pindo la kanga. Baba mdogo hakugeuka, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamegandia kwenye shuka. Mle kwenye picha mgeni alikuwa anasifu pombe. Hapa chini nilikuwa na mtu kigodani, na aliyekuwa anamkaribia nilimjua tangu nizaliwe. Sikumbuki niliamua nini, lakini mkono wangu uliitikisa ile kengele, na wakati huohuo mama akainama juu ya bega la baba mdogo akamwekea ile nusu nyingine mbele ya pua.

Akaruka. Kigoda kikaanguka upande wake na koti upande wake.

"Shemeji," mama alisema, kwa sauti ya kumwuliza mtu kama ameamka salama, "ulisema ulimzika na kengele."

Bwana wa Picha alisimamisha mashine. Wazee walidai maelezo, na baba mdogo, nitamsifu kwa hili, alipata hoja nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia kuhusu sinema.

"Hii ni picha tu! Si mmemwona Mfalme? Si mmeambiwa amekufa? Na anatembea! Wazungu wanatembeza wafu. Ng'ombe yule amekufa, mnayemwona ni kama Mfalme."

Wazee wakatazamana. Hoja ilikuwa na uzito. Mmoja alianza kutikisa kichwa kwa kukubali.

"Sawa," mama alisema. "Mfalme walimpiga picha kabla hajafa. Ng'ombe nimemwona anapita kwenye mabua ya mtama. Wewe uliniambia amekufa mwaka jana kabla ya palizi. Mabua yalitoka wapi?" Akanigeukia. "Mwanangu, mlimpiga lini, na wapi?"

Nilisogeza kipaza sauti. Miaka yote ile nilikuwa nimewaambia watu mambo waliyoyaona wenyewe, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwaambia jambo wasilolijua.

"Baada ya mavuno ya mwaka jana," nilisema. "Misigiri."

Asubuhi, badala ya kukutana, ukoo ulipanda lori. Petroli ilikuwa ya serikali, na Bwana wa Picha, aliyetakiwa kuwa Singida mjini akikata kengele, aliendesha huku anapiga mluzi. Mama alikaa mbele. Baba mdogo alipandishwa nyuma katikati ya wazee, mgeni wa heshima, akieleza kwamba mizimu ya ng'ombe mara nyingi hukaa Misigiri.

Tulipofika, yule mtu wa Misigiri alitoka zizini akifuta mikono. Aliona wazee, akamwona mama, akamwona Mzungu, kisha akamwona baba mdogo na uso wake ukachangamka.

"Karibu, mwenye ng'ombe!" alimwambia kwa upendo. "Afadhali umekuja. Amezaa jike."

Kikao cha ukoo kilifanyika pale pale mlangoni mwa zizi na hakikuchukua muda. Ng'ombe na ndama wake ni wa mama, baba mdogo atoe na dume la faini, na habari ya kurithiana haikutajwa tena, si siku hiyo wala siku nyingine. Nilimwonea mama fahari. Yeye alikuwa ameinama kwenye kengele, anajaribu kama ile nusu aliyonayo inakutana na ile iliyomo. Ilikutana.

Bwana wa Picha aliwaandikia wakubwa kila kitu, kwa shauku, kurasa na kurasa. Wakubwa nao walisoma kwa makini, wakatoa uamuzi. Ilikuwa imethibitishwa, walijibu, kwamba wenyeji hawawezi kutazama kitu kilichokuzwa: mwanamke mmoja alichanganyikiwa na kengele, akadhani ng'ombe wa kwenye picha ni wake. Kengele ikakatwa. Bwana wa Picha akahamishwa kwenda kupiga picha ya upandaji wa karanga, kwa mbali. Nilimkumbuka kwa muda mrefu, na baadaye, nilipoziona picha za fundi wake katika jumba la sinema la mjini, niliangalia kila jicho liliposogea karibu na kitu kidogo, nikisubiri kuona nyasi.

Lakini nataka kumaliza na mama. Ng'ombe na ndama hakukubali wapakiwe kwenye lori. Aliwaswaga kwa miguu kutoka Misigiri hadi nyumbani, akilala kwa watu njiani, na mimi nilipewa ruhusa nikamsindikiza. Uwele wa mwaka uliofuata ulimpita kimo. Kila asubuhi aliwatoa mwenyewe kwenda malishoni, na njia ya malishoni ilikuwa upande wa mashariki, fupi, yenye kivuli. Nyumba ya baba mdogo ilikuwa magharibi. Mama alipitia magharibi, kengele ikilia.